Taka Zilizotengwa Jikoni Zisichanganywe Mkokotenini

Anayetaka kujua kwa nini nyumba nyingi za Mombasa hazitengi taka asianze kwa kuchungulia jikoni. Na asimame barabarani saa ile mkokoteni unapopita. Mwenye nyumba aliyejitahidi wiki nzima kuweka chupa za plastiki katika gunia, na maganda na makombo katika ndoo yenye kifuniko, hutoka na vitu viwili mikononi, na mbele ya macho yake vyote viwili humiminwa katika lundo moja, chupa juu ya machicha ya nazi, machicha juu ya daipa za mtoto wa jirani. Elimu yote aliyoisikia redioni na kuisoma kwenye mabango huishia pale pale. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima anayeupenda usafi kuliko wengi wetu, aliniambia kwa utulivu: "Mwanangu, mimi nitenge, yeye achanganye, faida yake nini?" Naamini kwamba swali hilo ndilo kiini cha urejelezaji wa taka za nyumbani katika mji huu, na kwamba fedha zitakazotumika katika uhamasishaji au teknolojia bila kulijibu zitapotea bure.

Sheria tunazo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ikaenda mbali zaidi, ikitaka taka zinazooza zitengwe na zisizooza tangu mahali zinapozalishwa, na kaunti ziwe na vituo vya kuzichambua badala ya kuzibeba zote hadi jaani. Wala haiwezekani kusema kwamba watu wa Pwani ni wagumu wa kubadilika. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti 2017, wengi walidhani soko haliwezi kwenda bila mifuko ile. Leo, ijapokuwa ya magendo ingalipo, mnunuzi anayekwenda Kongowea au Marikiti hubeba kikapu au mfuko wa kitambaa bila kuambiwa na mtu. Tofauti ni kwamba marufuku ile ilimtaka kila mmoja aache jambo moja, naye akiliacha kazi imekwisha. Kutenga taka ni kazi ya watu wawili ambao mara nyingi hawazungumzi, yaani anayetoa na anayebeba, na mmoja akiiacha, jasho la mwenzake linamwagika mchangani.

Wengi tunalikumbuka jaa la Kibarani, lililokuwa likimpokea mgeni anayeingia kisiwani kwa moshi na harufu kando ya barabara ya Makupa, kabla halijafungwa mwaka 2018 na mahali pake kufanywa bustani. Nilifurahi lilipofungwa, na furaha hiyo siijutii. Hata hivyo kilichofungwa ni jaa, si taka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti yetu, na kila mmoja wao anakula, ananunua na kutupa kila siku. Kinachotupwa kimehamia mbali na macho ya wengi, hasa Mwakirunge, huko kaskazini mwa Kisauni, ambako wapo watu wanaoishi karibu na moshi ule ule tulioukimbia Makupa. Kila kilo inayookolewa jikoni ni kilo ambayo haitawafikia.

Tuangalie basi jiko lenyewe, kwa sababu hapo pana utajiri ambao vipeperushi vingi havijauona. Nyumba inayopika wali wa nazi hukuna nazi kwa mbuzi, hukamua tui, na husaliwa na machicha, vifuu, na pengine makumbi ikiwa nazi zilinunuliwa kabla ya kufuliwa. Vitu hivi vitatu vimetoka katika tunda moja na kila kimoja kina njia yake. Machicha ni chakula cha kuku na mbuzi yakiwa mabichi, lakini yakilala usiku mmoja katika joto letu huchacha, hunuka na kuita inzi, kwa hiyo hayawezi kungoja. Vifuu havina haraka, navyo vikikauka huwaka vizuri jikoni. Makumbi nayo hukawia mno kuoza, na anayeyatupa mazima katika shimo la mboji atayakuta yalivyo msimu ujao. Yanataka kukatwakatwa kwanza, au kupewa mwenye kuyatumia kusokota kamba. Ongeza hapo maganda ya viazi, ndizi na muhogo, majani ya mchicha, mifupa ya samaki, na utaona kuwa zaidi ya nusu ya uzito wa ndoo ya nyumbani ni vitu vinavyooza.

Sehemu hiyo yenye majimaji ndiyo inayoharibu iliyobaki. Boksi la katoni lililo kavu lina mnunuzi, lakini likishalowa mchuzi halina. Chupa ya maji iliyokaa juu ya makombo kwa siku mbili inashikwa kwa kinyaa hata na aliyezoea kazi hiyo. Na vitu hivyo vinavyooza vikifukiwa jaani pasipo hewa hutoa gesi ya methani, ambayo huongeza joto la dunia na hulisha mioto ya chini kwa chini inayofuka majaani. Ndiyo maana nasema kwamba kama kaunti itakuwa na nguvu ya kuwaomba watu jambo moja tu, iwaombe watoe chenye maji, wakiweke peke yake. Ombi hilo moja linatosha kuanzia, kwa kuwa kinachobaki baada ya hapo huwa kikavu, hakinuki, na kinaweza kungoja wiki nzima kwenye pembe ya ua. Kinachooza kichukuliwe kila siku au kila baada ya siku moja, kikavu mara moja kwa wiki. Hata safari za malori zingepangwa upya kwa faida, kwa maana sasa tunatumia mafuta kubeba chupa tupu kwa haraka ile ile tunayobebea matumbo ya samaki.

Kuna agizo moja katika mafunzo ya urejelezaji ambalo limenakiliwa kutoka nchi zenye maji ya bomba mchana na usiku, nalo ni kwamba kila chupa na kila kopo lioshwe kabla ya kutengwa. Mombasa hatuwezi kuambiana hivyo tukakubaliwa. Katika mitaa mingi bomba hukaa siku nyingi bila maji, na mama anayenunua dumu la lita 20 kutoka kwa muuza maji hawezi kulifungua ili aoshe chupa ya sharubati anayoitupa. Akisikia agizo hilo, ataona kwamba msemaji hamjui, na hata lile jema litakalofuata hatalisikiliza. Agizo linaloshikika ni hili: chupa isuuzwe kwa maji yaliyosalia baada ya kuosha vyombo, itikiswe, imwagwe, ikauke. Si lazima ing'ae, bali isiwe na kitu cha kuoza ndani yake.

Jinsi usafi huo unavyogeuka kuwa fedha huonekana waziwazi kwenye yadi ya skrapu. Katika yadi moja ya upande wa Bombolulu nilimtazama mama mmoja akichambua chupa. Hushika chupa moja, huinusa, hufungua kifuniko na kukitupa katika ndoo yake, kwa sababu kifuniko ni plastiki ya aina nyingine na hakiyeyushwi pamoja na chupa, kisha huchana lebo, huikanyaga chupa hadi ikawa bapa, na kuitupa katika gunia lake: nyeupe kwa nyeupe, buluu na kijani kando. Nyeupe ina bei nzuri zaidi kwa kuwa plastiki isiyo na rangi inaweza kutiwa rangi yoyote kiwandani, ilhali ya kijani haiwezi kurudishwa kuwa nyeupe. Akifika kwenye chupa iliyowahi kutiwa mafuta ya taa, huitambua kwa pua kabla ya macho, na chupa hiyo haiingii gunia lolote. "Ndugu yangu, uchafu ndio unaonilia pesa zangu," aliniambia bila kuinua kichwa, akinionyesha mchanga na maji ambayo mnunuzi hukata kilo kwa ajili yake. Mikono yake hufanya kwa saa kadhaa kazi ambayo jikoni kwetu ingekuwa ya kupitisha mkono tu.

Watu hawa ndio mfumo wa urejelezaji wa Mombasa ulivyo leo. Hawakuajiriwa na kaunti, aghalabu hawana glavu wala bima, na bado wanaondoa vyuma, makopo, katoni na plastiki kabla havijafika jaani. Mnamo Januari 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kutokana na wizi wa vyuma vya minara ya umeme, wengi wao walikaa bila kipato hadi marufuku ilipoondolewa mwezi Mei mwaka huo. Uamuzi ulikuwa na sababu yake, lakini ulionyesha jinsi ilivyo rahisi kupanga mambo ya taka bila kuwakumbuka wanaoishi kwazo. Mpango wowote mpya utakaoleta mapipa ya kupendeza na kuwaacha waokota taka nje utakuwa umebomoa nguzo pekee iliyosimama.

Wakati mwingine husemwa kwamba watu wetu hawatajali hadi waelimishwe miaka mingi. Mimi huwajibu kwa chupa ya soda ya glasi. Hakuna mtoto wa Mombasa asiyejua kwamba chupa ile haitupwi, kwa sababu mwenye duka anaishikia amana, na asiyekuja na chupa tupu huinywa soda yake pale pale dukani au hulipia chupa. Chupa moja huzunguka mara nyingi bila semina. Kilichoifanya irudi ni mambo mawili: ina thamani inayojulikana na wote, na mahali pa kuirudisha pako hatua chache kutoka nyumbani. Chupa ya plastiki haina hata moja kati ya hayo machoni pa mnunuzi wa kawaida, ingawa yadini ina bei.

Sasa nije kwenye teknolojia, ambayo nimeiweka nyuma kwa makusudi. Katika mji wa East Lansing, jimbo la Michigan nchini Marekani, malori ya kuzoa vitu vya kurejelezwa yaliwahi kufungwa kamera zenye programu ya akili unde (AI), ambazo hutambua kitu kisichotakiwa kinapoingia lorini kutoka kwenye pipa la nyumba fulani, kisha nyumba hiyo hutumiwa kadi ya posta inayoeleza kosa lile hasa. Jijini Seoul, nchini Korea Kusini, familia nyingi hutia mabaki ya chakula katika mapipa yanayofunguliwa kwa kadi na kupima uzito, na kila nyumba hulipa kwa kadiri ya kilo zake. Ni mipango mizuri mahali ilipo. Hapa kwetu nyumba ya Kiswahili yenye wapangaji sita kwenye ukumbi mmoja haina pipa la kila mlango ambalo kamera italisoma, na lori lenyewe haliwezi kuingia katika vichochoro vya Mji wa Kale. Malipo ya kilo nayo yangewasukuma watu kutupa usiku mitaroni, na cha mtaroni mvua ya masika hukifikisha baharini. Anayepita ukingoni mwa mkondo wa Tudor maji yakiwa yametoka huona chupa zimenasa katika mizizi ya mikoko, moja juu ya nyingine, nyingine zikiwa na vifuniko vyake bado.

Lakini ndani ya mfano wa East Lansing mna jambo la kuchukua, nalo halitegemei kamera: kosa huelezwa upesi, kwa mhusika mwenyewe, bila kutangazwa. Hilo la mwisho ni kubwa kwa watu wanaothamini sitara. Nimeona kundi la WhatsApp la mtaa ambamo picha ya mfuko wa taka wa nyumba moja ilirushwa ili mwenye nyumba aaibike. Aliaibika kweli, akaondoka kundini, na pamoja naye wakaondoka wengine walioogopa kufikiwa na zamu yao. Ujumbe ule ule ungetumwa kwake peke yake, kwa lugha ya heshima, ungemrekebisha.

Kinachohitajika zaidi, hata hivyo, ni ujumbe unaokwenda upande wa pili, kutoka kwa mbebaji kwenda kwa mwenye nyumba. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 tumezoea kwamba fedha ikitoka mkononi mwetu, simu hutuambia papo hapo imefika wapi. Taka zilizotengwa zinastahili risiti ya namna hiyo. Kikundi cha vijana kinachozoa taka katika mtaa kikipima magunia yake kwenye yadi kwa mizani ya dijitali, uzito huo unaweza kuandikwa kwa kila ua au kila jengo, na jioni ujumbe mfupi ukaenda kwa nyumba zake: plastiki kilo kadhaa, katoni kilo kadhaa, zimepokelewa. Haihitaji intaneti wala simu ya bei. Hata simu ndogo ya mulika mwizi inapokea ujumbe. Sehemu ya mauzo inaweza kurudi kama punguzo la ada ya mwezi, ikalipwa kwa njia ile ile. Jambo la thamani hapo ni kwamba mama yule aliyeniuliza faida yake nini atakuwa ameonyeshwa. Si kwa ahadi, bali kwa kilo. Na kaunti nayo itapata kitu ambacho mabango hayatoi, yaani kujua ni mtaa gani unatenga, ni upi umelegea, na mwalimu apelekwe wapi.

Mwalimu huyo asiwe mgeni anayefika kwa gari na kuondoka kabla ya adhuhuri. Huko Pune, nchini India, waokota taka wameungana katika ushirika wao wenyewe uitwao SWaCH, wakaingia mkataba na manispaa, na sasa huzoa taka mlango kwa mlango huku nyumba zikiwalipa ada. Anayebeba ndiye anayeeleza, kwa kuwa ndiye anayeziona taka kila siku na ndiye anayeumia zikichanganywa. Mtindo huo ungekaa vizuri Mombasa kuliko kamera yoyote. Kijana aliyezaliwa mtaani akibisha hodi na kumwamkia mwenye nyumba shikamoo, akamwonyesha ndoo mbili na kumwambia siku za kila moja, atasikilizwa kwa sababu mwenye nyumba anamjua mama yake. Nyuma yake wawepo wale ambao maneno yao yana uzito: mzee wa mtaa, vyama vya akina mama, walimu wa madrasa, makhatibu na wachungaji. Khatibu akikumbusha siku ya Ijumaa kwamba kuondoa kinachodhuru njiani ni sadaka, hahitaji kuongeza mafunzo mapya, ila kuyaleta karibu na ndoo. Tena wakati unaofaa kuanza ni wiki za Shaabani, kabla ya Ramadhani, kwa maana mwezi ule majiko yetu hupika futari ya kutosha na zaidi, na maganda na mabaki huongezeka mno.

Zipo taka ambazo hakuna elimu ya jikoni itakayozitatua. Daipa hazina mnunuzi. Vifuko vidogo vya sabuni, mafuta na biskuti vimetengenezwa kwa tabaka za plastiki na foili zilizogandishwa pamoja, na hazitenganishiki kwa urahisi. Kumwambia mama azitenge bila kumwambia ziende wapi ni kumdhulumu. Mzigo huo ni wa waliozitengeneza na kuziuza, na ndiyo maana sheria ya 2022 iliweka wajibu wa mzalishaji, unaomtaka anayeingiza bidhaa sokoni agharamie ukusanyaji wa kinachobaki. Ningependa kuona fedha za wajibu huo zikifika katika mizani ya mtaani, ambako mtu anapima magunia, badala ya kuishia katika ripoti na warsha za hotelini.

Kaunti yetu ina wadi 30, na makadirio ya bajeti ya kila mwaka hutakiwa yafike katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, baada ya wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni. Katika vikao hivyo watu huomba barabara, taa, zahanati, na wana haki. Mimi nitaomba mikokoteni yenye vyumba viwili, kimoja cha kinachooza na kingine cha kikavu, mizani moja ya dijitali kwa kila wadi, na sharti katika mkataba wa kila kikundi au kampuni inayozoa taka kwamba ikichanganya kilichotengwa hailipwi kwa mzigo huo. Gharama ya mkokoteni wa namna hiyo ni mbao na misumari ya ziada, na mafundi wa kuutengeneza wako Majengo, Likoni na Changamwe. Nitaomba pia wadi moja ianze kabla ya nyingine, ikiwezekana yenye vichochoro na wapangaji wengi, kwa sababu kikifaulu hapo kitafaulu Nyali, ila kikianzia Nyali hatutajua kama kinaweza kuishi Kisauni.